Saa ya kuhitimu: kabla hujafungua pochi Hatton Garden

Kila mwezi wa saba, majoho yakianza kuonekana pale Bloomsbury na Mile End, kuna mazungumzo yanarudi katika jumuiya yetu. Mtu kamaliza, kapata daraja lake, pengine na kazi ya kwanza ya maana imeshapatikana, anasema: safari hii najinunulia saa. Si ile ya pauni ishirini ya Argos. Saa yenyewe.

Wapo watakaosema huo ni ulimbukeni, kwamba simu iliyo mfukoni inaonesha saa mpaka sekunde. Mimi sisemi hivyo. Wazee wetu wengi walipewa saa kazini walipostaafu, na mpaka leo ukimtembelea mzee wa namna hiyo atakuonesha ile saa kabla hajakuonesha cheti chochote. Saa ni kitu kidogo kinachokaa mwilini, kinadumu kuliko suti, na siku moja mtoto anaweza kukirithi. Ila London ni mji ambao unaweza kuacha ada ya mdogo wako ya mwaka mzima kwenye kaunta moja, kwa dakika kumi, huku ukipewa maji baridi na kuitwa "sir". Kwa hiyo tuongee kama ndugu kabla hujaingia dukani.

Swali la kwanza si Omega au Tudor. Swali ni hela hizo zina kazi gani nyingine. Chukua mfano wa mwenzetu anayetaka kubaki hapa baada ya masomo kwa Graduate visa. Mwaka 2025 ada ya maombi ilikuwa pauni 880, na juu yake kuna mchango wa matibabu wa pauni 1,035 kwa kila mwaka, kiwango kilichoanza Februari 2024. Kwa miaka miwili hiyo ni pauni 2,950, tena inalipwa yote kwa mkupuo, kabla hujapata jibu. Hiyo ni bei ya saa nzuri ya Uswisi. Nimeona watu wakijipongeza mwezi wa saba, halafu mwezi wa tisa wanapiga simu huku na huku kukopa hela ya viza. Angalia ada ya mwaka wako, iweke pembeni, ndipo uanze kuangalia vioo vya maduka.

Halafu kuna nyumbani. Kama tiketi yako ya kuja huku ilichangwa kwa harambee, waliochanga wanaona picha zako. Shangazi hatajua tofauti ya Tissot na Rolex, lakini binamu yake aliyeko Dubai anajua, na bei itafika kijijini kabla ya wewe mwenyewe. Sisemi uishi kwa kuogopa maneno ya watu. Nasema ujue utajibu nini. Kipimo ninachowapa wanaoniuliza ni hiki: saa isizidi kile unachoweza kuweka akiba kwa miezi sita baada ya kodi ya nyumba, nauli na kile unachotuma nyumbani. Kwa wengi wetu tuliobeba maboksi kwa saa 20 kwa wiki muda wote wa masomo, hiyo ni saa ya pauni mia tano, labda elfu moja. Na hakuna ubaya wowote hapo.

NDANI YA SAA KUNA NINI

Wauzaji wana maneno mengi, lakini kuna aina mbili kubwa za saa. Ya kwanza ni ya betri. Ndani yake kuna kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na mtetemo huo ndio unaohesabu muda. Seiko wa Japani waliingiza sokoni saa ya mkononi ya kwanza ya namna hii, Astron, tarehe 25 Desemba 1969, na miaka iliyofuata viwanda vingi vya Uswisi vikafunga milango. Aina ya pili ni ya kamani. Unaijaza kwa mkono, au, kama ni otomatiki, inajijaza yenyewe unavyotembeza mkono. Saa nyingi za kisasa za aina hii hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kila sekunde, ndiyo maana mshale wake wa sekunde unateleza badala ya kuruka.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hatalianza yeye. Cheti cha usahihi cha Uswisi, kile cha COSC kinachotajwa kwa fahari, kinaruhusu mashine ya kamani kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Maana yake saa ya maelfu ya pauni, yenye cheti, inaweza kukosea dakika nzima katika siku kumi na bado ikahesabiwa ni bora. Ya betri ya pauni ishirini itaishinda bila jasho. Hununui usahihi, bwana. Unanunua ufundi: gurudumu na skrubu zinazoweza kufunguliwa, kusafishwa na kurudishwa kazini hata baada ya miaka hamsini. Kama hilo halikugusi, nunua ya betri iliyo nzuri, na hela inayobaki mtumie mama.

Neno moja kuhusu maji. Saa ikiandikwa mita 30, si kwamba unaweza kuzama nayo mita 30. Inavumilia mvua ya London na kunawa mikono, basi. Anayetaka kuogelea nayo Nungwi au Diani atafute iliyoandikwa mita 100 na kuendelea.

Bei, kwa jinsi zilivyokuwa mwaka 2025: Seiko 5 mpya ya otomatiki unaipata kwa mia mbili na kitu au karibu na mia tatu. Tissot za otomatiki zinacheza kwenye mamia ya katikati. Tudor nyingi zinavuka 2,000, na Omega Speedmaster imeshavuka 5,000. Mimi naona Tissot inadharauliwa bure na watu wetu kwa sababu jina lake halitajwi kwenye nyimbo. Ni kiwanda cha mwaka 1853, na hakuna fundi wa saa atakayekucheka.

YULE KIJANA WA NAMBA 83

Hatton Garden ni mtaa wa masonara, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha Farringdon. Wengi wanaufahamu kwa ule wizi wa Pasaka ya 2015, pale wazee wenye umri wa kuwa babu zetu walipotoboa ukuta wa zege na kuingia kwenye chumba cha visanduku vya amana. Lakini kwa mwanafunzi mgeni kuna habari ya zamani zaidi. Mwaka 1905, kijana wa Kijerumani wa miaka 24, yatima tangu utotoni, alianzisha hapa London, pamoja na shemeji yake Alfred Davis, biashara ya kuagiza mashine za saa kutoka Uswisi, kuzitia kwenye makasha na kuwauzia masonara. Ofisi yao ilikuwa 83 Hatton Garden. Jina lake Hans Wilsdorf. Mwaka 1908 alisajili jina fupi la kuandika usoni mwa saa: Rolex.

(Waganda, tulieni. Ile ya chapati na mayai pale Wandegeya imetokana na "rolled eggs" na haihusiki na Wilsdorf hata kidogo, ingawa kwa njaa ya saa nne usiku ina thamani kubwa zaidi.)

Wakati ule saa ya mkononi ilionekana pambo la kike. Mwanamume alibeba saa ya mfukoni yenye mnyororo. Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyobadilisha, maana huwezi kuchomoa saa mfukoni huku umeshika bunduki. Ila mwaka 1915 serikali ya Uingereza iliweka ushuru wa theluthi nzima ya thamani kwa saa zinazoingizwa nchini, na Wilsdorf hatimaye akahamishia shughuli zake Geneva. Kwa hiyo ile saa ambayo watu wanaiona ndiyo alama ya Uswisi ilianzishwa na mhamiaji London, akafukuzwa na kodi. Mwanafunzi yeyote anayeomba viza ataielewa habari hii.

Aliyefanya jina lipae ni mwanamke, Mercedes Gleitze, mpiga chapa wa hapa hapa London. Oktoba 1927 aliogelea tena katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa huku kavaa shingoni saa ya Rolex aina ya Oyster, iliyotengenezwa isiingie maji. Alikaa majini zaidi ya saa kumi. Baridi ilimshinda, akatolewa kabla ya kufika. Saa ilikuwa inatembea. Tangazo likachapishwa ukurasa wa mbele wa Daily Mail, na tangu hapo saa na mafanikio ya mtu vimeuzwa pamoja. Ukiona leo bango la mwanariadha na saa, mwanzo wake ni yule dada aliyetolewa kwenye maji ya baridi.

Kama una nafasi, kabla ya kununua chochote nenda Clockmakers' Museum, iliyomo ndani ya Science Museum kule South Kensington tangu 2015. Kiingilio bure. Kuna habari ya Ruth Belville, mama aliyekuwa akipanda kwenda Greenwich kila wiki, anaisawazisha saa yake ya mfukoni na ile ya wataalamu wa nyota, halafu anazunguka mjini kuuzia wenye maduka wakati sahihi. Aliifanya kazi hiyo mpaka 1940. Saa yake aliiita Arnold, kama mtu, kwa jina la aliyeitengeneza. Ukikaa pale nusu saa utajua jicho lako linapenda nini, na hakuna muuzaji pembeni.

MPYA AU MTUMBA

Kwa jina kubwa, kuingia dukani na kutoka na saa unayoitaka si jambo la siku hiyo hiyo. Kwa Rolex zinazogombewa unaandikishwa na unasubiri simu, ambayo huenda isije. Ndipo watu wanaposhawishika kulipa zaidi mtaani kwa wachuuzi, wakiambiwa "ni uwekezaji". Muulize aliyenunua mwanzoni mwa 2022, bei zilipokuwa kileleni, halafu akataka kuuza mwaka uliofuata. Saa nyingi za kawaida hupoteza thamani siku unayotoka nazo mlangoni. Hiyo ndiyo sababu mimi napendelea mtumba, na sisi watu wa mitumba tusione haya: hasara ya kwanza ameshaibeba mwingine.

Kuna maduka Hatton Garden, kuna ya saa za zamani katika Burlington Arcade pale Piccadilly, na kuna minada. Minada ina mtego wake. Bei nyundo inapogonga siyo utakayolipa. Nyumba ya mnada inaongeza ada yake, mara nyingi robo ya bei au zaidi. Popote unaponunua, dai boksi, karatasi zake, risiti za matengenezo, na namba ya saa. Namba hiyo inaweza kuangaliwa kwa The Watch Register, kampuni ya hapa London inayoweka kumbukumbu ya saa zilizoibwa. Ikionekana ni ya wizi, mwenyewe anaweza kuichukua, na hela yako utajua mwenyewe utaidai wapi.

Sheria iko upande wako ukinunua kwa mfanyabiashara, hata kama ni mtumba. Chini ya sheria ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015 una siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro au kisicho kama kilivyoelezwa, na urudishiwe hela yote. Ukinunua kwa mtandao toka kwa mfanyabiashara, una siku 14 za kubadili mawazo bila sababu. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi 30,000, hata kama kwa kadi umelipa sehemu tu, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji. Lipa kwa kadi, kisha ulifute deni mwisho wa mwezi. Ukinunua kwa mtu binafsi aliyekutumia picha kwenye WhatsApp na kutaka mkutane kituo cha treni, kinga nyingi kati ya hizo huna.

Na ile habari ya kurudishiwa VAT Heathrow ukiwa unarudi nyumbani, mliyosimuliwa na kaka na dada waliotutangulia: imekwisha. Tangu 1 Januari 2021 hakuna tena mpango huo kwa mgeni anayenunua dukani Uingereza bara na kubeba mwenyewe. Asilimia 20 inabaki hapa.

KUIVAA, HUKU NA NYUMBANI

Uporaji wa saa katikati ya London umekuwa tatizo la kweli kiasi kwamba mwaka 2022 na 2023 polisi wa Met waliwavalisha askari kanzu saa za bei na kuwazungusha West End usiku ili wawanase vibaka. Kwa hiyo mkono wa shati una kazi yake. Usiku wa Soho, saa iwe ndani ya nguo. Nyumbani ni yale yale: mkono kwenye dirisha la daladala au matatu penye foleni, kwaheri. Na bima ya vitu vya chumbani usiitegemee kabla hujaisoma, maana kampuni nyingi zinaweka kikomo kwa kitu kimoja, na kilichozidi hapo lazima kitajwe kwa jina.

Jambo ambalo wengi hawaulizi: nani ataitengeneza? Saa ya kamani inahitaji kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya miaka kadhaa, na kwa majina makubwa kazi hiyo ni mamia ya pauni. Fundi wa kwenye meza ya kioo pale mtaani Dar au Kampala anaweza kuwa hodari sana, lakini kwa Omega ya kisasa atakosa vipuri, kwa sababu viwanda vinavibana. Kama mpango wako ni kurudi, saa yenye mashine ya kawaida ya Seiko au Tissot itapata mtu wa kuishika. Nyingine itabidi ipande ndege kila inapougua.

Kwa ndugu zetu Waislamu wanaume, dhahabu haivaliwi, na mchovyo wa dhahabu nao wengi wanauepuka. Chuma kinatosha, tena kinakwaruzika bila kukuumiza roho.

Halafu kuna hili la saa yetu. Wauzaji watakusifia saa yenye mshale wa pili wa nchi nyingine, kwa mamia zaidi. Huuhitaji. Majira ya baridi, sisi tuko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa tatu, na nyumbani tunahesabu kuanzia alfajiri. Ukiunganisha hesabu hizo mbili, chukua namba ya London, toa tatu, umepata saa ya Kiswahili ya nyumbani. London saa sita ya mchana, mshale uko kwenye 12: toa tatu, kule ni saa tisa. Majira ya joto toa nne. Ukiizoea, uso mmoja wa saa unakusomea miji miwili, na hutampigia mama simu usiku wa manane.

MAANDISHI YA NYUMA

Hapa ndipo ninapotofautiana na wajuzi. Watakwambia usichonge chochote kwenye mgongo wa saa kwa sababu itashuka bei. Mimi nasema chonga. Saa isiyo na maandishi ni bidhaa iliyoko mkononi mwako kwa muda. Siku ukibanwa na kodi utaiuza. Yenye jina la mama na tarehe utafikiria mara mbili.

Tena hata hiyo ya kushuka bei si kweli siku zote. Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala tangu 1970 hadi alipofariki 2020, alikuwa akiagiza Rolex kupitia duka la Asprey la hapa London zikiwa na alama ya jambia la Kiomani, na kuwazawadia watu waliomtumikia. Leo zikifika mnadani zinauzwa mara nyingi ya bei ya zile zile zisizo na alama. Na ile Rolex ya mwigizaji Paul Newman iliyouzwa New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17 ilichongwa mgongoni ujumbe mfupi wa mkewe, wa kumwambia aendeshe gari kwa uangalifu. Wewe na mimi si masultani, najua. Lakini kinachofanya saa ya kuhitimu iwe ya kuhitimu si kiwanda.

Wengine hawana haja ya kununua kabisa. Kama kabatini kwa baba kuna Seiko iliyosimama tangu miaka ya themanini, mwombe. Gharama ya kuifufua hapa inaweza kuzidi bei ya mpya, na fundi atakwambia hivyo waziwazi. Lipa tu. Akiisafisha usimruhusu aung'arishe uso wala kupiga msasa kasha. Mikwaruzo ile ni ya mzee, iache.

Wachongaji wapo Hatton Garden, wa mkono na wa mashine. Wa mkono ni ghali kidogo na herufi zake zina uhai. Usichonge kabla ya zile siku 30 kupita, maana ukishaichonga muuzaji atakuwa na sababu ya kubisha ukitaka kuirudisha. Hakikisha mgongo si wa kioo. Andika kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwenu, maneno machache, na umwandikie mchongaji kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kwa sababu "Mwanaidi" na "Nyambura" kwake ni vitu vipya. Tarehe weka siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka.